Ar-Razi, Ndui na Surua

Ndugu wazazi, si kila vipele vya mtoto ni surua. Zamani matabibu wengi waliichanganya surua na ndui. Abu Bakr ar-Razi wa mji wa Rayy, Uajemi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliyaandikia maradhi hayo mawili kitabu kizima, akaeleza hata dalili zinazotangulia vipele: maumivu ya mgongo huzidi katika ndui, kichefuchefu na wasiwasi huzidi katika surua.

Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, lakini surua bado inaua watoto. Nasi tutazame yanayotangulia: homa kali, kikohozi, mafua, macho mekundu. Vipele hufuata baada ya siku chache, vikianzia usoni na nyuma ya masikio. Mtoto huambukiza wenzake tangu siku 4 kabla havijatoka. Tukiona dalili hizo, asije madrasa, tumpeleke hospitali. Na chanjo tusiicheleweshe.