Nguzo Mbili za Mtihani wa Rubani

Katika mwaka 1909, Aéro-Club de France, chama kilichoasisiwa mjini Paris mwaka 1898 na wapenzi wa maputo na safari za anga, kilitoa shahada zake za kwanza za urubani wa eropleni bila ya kumtahini mtu yeyote. Maana waliopewa, akina Louis Blériot na ndugu wawili Wilbur na Orville Wright, ndio waliokuwa walimu wa fani yenyewe, wala hapakuwa na mtu aliyestahili kuketi mbele yao akawa mwamuzi. Shahada zilipangwa kwa abjadi ya majina, na ya kwanza ikamwangukia Blériot. Hali hiyo haikuweza kudumu. Wanafunzi walizidi, roho zilipotea, na umma uliokusanyika viwanjani ulikuwa na haki ya kujua kama yule apitaye juu ya vichwa vyao aliijua kazi yake au alikuwa akibahatisha.

Hivyo likaja Shirikisho la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililoundwa mwaka 1905, likaweka masharti ya kutumiwa na vyama vya nchi zote zilizoshiriki. Kwa kanuni za mwaka 1911, mtahiniwa, akiwa peke yake ndani ya ndege, alitakiwa aruke safari mbili, kila moja isiyopungua kilomita 5, akizizunguka nguzo mbili zisizoachana zaidi ya mita 500, na kila afikapo kwenye nguzo abadili upande wa kupindia, hata njia yake yote ikawa mfuatano usiokatika wa tarakimu ya 8. Katika mojawapo ya safari hizo, au katika safari nyingine mbali, ilimpasa apande juu mita 50 kwa uchache. Akishuka, sharti injini iwe imezimwa kabla ya magurudumu kugusa ardhi au papo hapo yanapoigusa, na ndege isimame pasipozidi mita 50 kutoka mahali alipopataja mwenyewe kabla ya kuondoka.

Msomaji wa leo huenda akaona hayo ni mambo madogo. Nami nasema kuwa hekima iliyofichika ndani yake si ndogo hata kidogo. Injini ya Gnome, iliyopendwa mno siku zile, ilizunguka nzima pamoja na rafadha yake, na uzito ule uliokuwa ukizunguka kwa kasi uliifanya ndege iinue pua ipindapo upande mmoja na kuiinamisha ipindapo upande wa pili. Kwa sababu hiyo marubani wengi walipenda kupinda kushoto na wakauogopa upande wa kulia, hata walikuwako walioweza kuruka muda mrefu bila ya kuujaribu kamwe. Nguzo mbili zilikomesha ujanja huo, kwani hakuna awezaye kuandika 8 angani kwa kupinda upande mmoja tu. Kadhalika injini zilikuwa na hiana, zikinyamaza bila ya taarifa, na rubani asiyejua kuishusha ndege yake katika kimya alikuwa maiti anayengoja saa yake. Lakini sharti ninalolistahi kuliko yote ni lile la mtahiniwa kuchagua mwenyewe mahali pa kusimama, kisha akahukumiwa kwa kauli yake.

Nguzo hazikuuliza jinsia wala nasaba. Tarehe 8 Machi 1910, siku ile ile ambayo J. T. C. Moore-Brabazon alipata shahada ya kwanza ya Royal Aero Club ya Uingereza, Raymonde de Laroche alipewa shahada nambari 36 ya Ufaransa, akawa mwanamke wa kwanza duniani kuipata. Dhuluma, basi, haikuwa katika mtihani. Ilikuwa mlangoni mwa shule.

Hayo aliyaonja Bessie Coleman, mzaliwa wa Texas mwaka 1892, aliyekuwa akitengeneza kucha za wateja katika duka la kinyozi mjini Chicago azma ya kuruka ilipomshika. Shule za Marekani zilimkataa kwa kuwa ni mwanamke na kwa kuwa ni mweusi. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, alimnasihi aende Ufaransa. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari mwishoni mwa mwaka 1920, akaingia shule ya ndugu Caudron huko Le Crotoy, karibu na mlango wa mto Somme. Mwanafunzi mwenzake alifariki ajalini machoni pake, naye hakurudi nyuma. Ingawa mataifa yalikuwa yamekwisha kutia saini mkataba wa Paris wa mwaka 1919 ulioifanya shahada kuwa shughuli ya serikali, vyama viliendelea kutahini, na aliyotakiwa kuyatenda yalikuwa yale yale ya miaka kumi nyuma: tarakimu ya 8, mita 50 za kimo, injini kuzimwa, mahali palipotajwa. Tarehe 15 Juni 1921 alitunukiwa shahada yake, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kutoka kwa Shirikisho.

Aliporejea kwao alirusha ndege katika maonyesho mengi, akikusudia kufungua shule ambayo haitamfukuza mtu kwa rangi yake. Mauti yalimkuta Jacksonville tarehe 30 Aprili 1926, katika ndege iliyokuwa ikiendeshwa na mwingine, kabla shule haijafunguliwa. Mwaka 1929 William J. Powell aliasisi mjini Los Angeles chama alichokiita Bessie Coleman Aero Club, na humo watu weusi, wanaume kwa wanawake, wakafundishwa urubani.