Mkindu na Mtende

Msomaji, ukifuata vijito viteremkavyo kuelekea Ziwa Victoria huku kwetu Asumbi, huenda ukaukuta mkindu, mashina yake yamesongamana na kuinama. Usiudharau. Mti huo ni ndugu wa mtende, mti mashuhuri wa Uarabuni.

Majani yao hufanana, na kila mmoja una miti ya kiume na ya kike mbalimbali. Lakini tende ni nene, na makindu ni madogo yenye nyama haba. Kwa nini? Huko Babeli, karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo, sheria za Mfalme Hammurabi zilimtaka mtunza bustani asiyechavusha mitende aliyokabidhiwa alipe mavuno kwa kipimo cha jirani yake. Kwa maelfu ya miaka watu waliichagua mitende iliyo bora. Kisha majahazi yakazileta tende Lamu na Mombasa kwa pepo za kaskazi.

Mkindu haukupata mlezi wa namna hiyo. Hata hivyo, majani yake yaliwapa watu wa pwani mikeka ya kulalia.

Basi, ulinganishapo ndugu wawili, uliza kwanza ni nani aliyelelewa.