Usonji na kutoelewana kwa pande mbili

Kutoelewana kwa pande mbili ni nadharia ya kisosholojia kuhusu mazungumzo kati ya watu wenye usonji na wasio nao. Kwa miongo mingi lawama ya kutoelewana ilitupwa upande wa wenye usonji tu.

Historia

Daktari Leo Kanner alieleza usonji wa watoto mwaka 1943 nchini Marekani. Mwaka 1985 watafiti Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walichapisha jaribio la wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi kikapuni, anatoka, na Anne anaihamishia kashani. Je, Sally akirudi ataitafuta wapi? Watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walionyesha kashani, si kikapuni alikoiacha. Ndipo ikaenea kauli nzito kwamba mwenye usonji hatambui mawazo ya mwenzake. Wale wanne waliojibu sawasawa hawakuizuia.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alijibu kwa hoja yenye nguvu: asiye na usonji naye hushindwa kumwelewa mwenye usonji, ila kwa kuwa yuko upande wa walio wengi, kushindwa kwake hakuhesabiwi. Mwaka 2020 mtafiti Catherine Crompton na wenzake walipitisha habari mtu kwa mtu katika misururu ya watu 8. Misururu ya wenye usonji watupu ilihifadhi habari sawa na ya wasio nao. Iliyochanganyika ndiyo iliyopoteza zaidi. Utafiti mkubwa uliofuata haukuona pengo hilo.

Ukweli

Wengi wenye usonji husema jambo lilivyo na hupokea maneno yalivyotamkwa. Uongo wanauweza, lakini wengi huuona mzigo. Kwa mfano, Mswahili akiulizwa habari za nyumbani hujibu "nzuri" kwanza, kisha ndipo ataje ugonjwa. Anayeanza na ugonjwa huonekana hana adabu, ingawa amejibu alichoulizwa.

La kusikitisha zaidi ni kwamba wakweli hawa hudhaniwa waongo. Kukwepa macho na kuchezesha vidole, mambo ya kawaida kwa wengi wao, huchukuliwa kuwa dalili za hila. Utafiti wa Alliyza Lim, Robyn Young na Neil Brewer wa Australia ulionyesha kwamba watu wazima wenye usonji walionekana wadanganyifu kuliko wenzao hata waliposema kweli. Mbele ya polisi au hakimu, dhana hiyo inaweza kumponza asiye na hatia.

Makosa

Kosa dogo la mazungumzo huweza kumrudia mwenye usonji akilini kwa muda mrefu. Wengine huiga mwenendo wa wenzao ili wasikosee tena, jambo linalochosha mno.