Mstari wa 30 na pembetatu za wapimaji

Mwanafunzi wa Iga Barrière, mashariki mwa Kongo, anayeuliza pembetatu zitamsaidia nini maishani aelekezwe magharibi. Huko, ng'ambo ya Bunia, unapita mstari ambao hakuna aliyewahi kuuona kwa macho: longitudo 30 mashariki.

Agosti 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alizitangazia serikali za nje mipaka ya dola lake la Kongo. Upande wa mashariki alitaja longitudo hiyo tu, kuanzia latitudo 4 kaskazini hadi 1°20′ kusini. Bunia iko kwenye 30°15′. Kwa hiyo kwa maandishi yale ilikuwa nje ya Kongo kwa kilomita kama 28, na Iga Barrière nayo nje. Kuandika ni rahisi. Nani angeonyesha mstari unapita kilima kipi?

Hapo ndipo pembetatu ilipoingia kazini. Mpimaji wa enzi hizo alipima ardhini upande mmoja tu, kwa uangalifu mkubwa, kisha akapanda kilele hadi kilele akipima pembe. Ukishajua upande mmoja na pembe mbili, pande nyingine unazipata kwa hesabu. Nao upande mpya unakuwa msingi wa pembetatu ya pili. Bonde na mto haviisumbui pembe. Kwenye vilele watu walimulikiana kwa vioo vya jua, ili mmoja amwone mwenzake kutoka mbali.

Mwaka 1907 na 1908 tume ya Waingereza na Wabelgiji ilipima hivyo mpaka wa Uganda na Kongo. Mara baada yake, 1908 hadi 1909, kikapimwa upande wa Uganda kipande cha tao la longitudo 30. Tao hilo lilikuwa ndoto ya mwanafalaki David Gill wa Rasi ya Tumaini Jema: mnyororo mmoja wa pembetatu kutoka Rasi hadi Misri.

Mpaka wenyewe ukaenda kwingine. Kwa mapatano ya Mei 1910 ulihamia Ziwa Albert, na ufuko wa magharibi ukabaki Kongo. Wanasiasa waliuacha mstari, wapimaji hawakuuacha. Pengo la mwisho la tao, huko Sudan, lilizibwa mwaka 1954 na Wamarekani.

Walimu watanisamehe kwa hili: jumla ya pembe za pembetatu, nyuzi 180, tunayoikariri ni ya ubao. Dunia ni mviringo, na pembetatu kubwa juu yake huzidi kidogo, sekunde moja ya pembe kwa kila kilomita za mraba 197 hivi. Pembetatu yenye pande za kilomita 50 huzidi kwa sekunde tano na nusu. Mpimaji asiyezihesabu atajikuta na mnyororo usiofunga.

Ramani nyingi za Uganda, Kenya na Tanzania zimeandikwa pembeni Arc 1960. Arc hiyo ndiyo tao lenyewe la longitudo 30.