Kahawa: skolite ao punezi?

Matunda ya kahawa yakianguka mabichi, wakulima wengi wanalaumu jua ao mvua. Inaweza kuwa mududu. Wawili ndio wanaharibu punje zaidi, na hawapiganishwi kwa njia moja.

Skolite ni mweusi, mudogo sana, hafiki milimita 2. Shika tunda, angalia kitovu chake, upande usio na kikonyo: ukiona katundu kama ka sindano, ni yeye. Jike anaingia hapo na kutaga ndani ya punje, kisha watoto wanaila. Dawa ya kupulizia haimufikie humo, juu amejificha. Anabaki pia katika matunda meusi yaliyosahauliwa kwenye muti ao chini. Kuyaokota yote kisha mavuno kunachosha, lakini ndiko kunamumaliza. Katika robusta ya Beni, kwenye joto, ndiye anasumbua zaidi.

Punezi anapenda arabika ya milimani, kama Kalehe, Idjwi na Lubero. Ana umbo la ngao, milimita 7 hivi, hudhurungi yenye madoa meupe na ya machungwa. Hatoboi tundu la kuonekana. Anafyonza maua na matunda mabichi. Mayai yake, karibu 12 pamoja, mara nyingi yako chini ya jani. Muti wenye majani mazito unamupendeza, kwa hiyo kupogoa kunamufukuza.

Huyu anaharibu hata bei. Punje aliyofyonza inaweza kupata ladha ya kiazi kibichi, kasoro inayojulikana Kivu, Rwanda na Burundi. Mara nyingi macho hayaioni. Harufu inatoka wakati wa kusaga, na punje moja inatosha kuharibu kikombe cha munuzi.