Yule jamaa wa gitaa na kikombe changu kimoja

Ijumaa ya wiki iliyopita nilikuwa nimejichimbia kwenye kona ya mgahawa mmoja wa kahawa hapa mjini (sitautaja), kompyuta mezani, makala haijaisha. Mara akaja kijana na gitaa, akachomeka waya wa maiki, akaanza kuimba. Jamani! Sio kwamba alikuwa mbovu sana, angekuwa mbovu sana ningecheka. Alikuwa wa wastani, uzi mmoja wa gitaa haujakaa sawa, na kila wimbo ukiisha anatuangalia kama mtu anayesubiri majibu ya usaili. Ukipiga makofi anaongeza, usipopiga unajiona huna utu. Nikafunga kompyuta nikaondoka.

Njiani nikamkumbuka Dave Van Ronk. Huyu alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa New York, alifariki mwaka 2002, na kitabu cha maisha yake kikatoka mwaka 2005. Anaeleza mambo ya mtaa wa MacDougal, Greenwich Village, mwishoni mwa miaka ya 1950. Migahawa ya kahawa ilikuwa imejazana pale, mingine chini ya ardhi kama Gaslight iliyofunguliwa mwaka 1958. Pombe hawakuuza. Watalii walikuwa wanamiminika kuwaona washairi wa kundi la Beat, vyumba vyenyewe vidogo, na mtu akishapata kiti anakaa na kikombe kimoja mpaka kinapoa, huku wenzake wanasubiri nje.

Sasa sikia dawa waliyoipata wenye migahawa: mwimbaji! Kwa maelezo ya Van Ronk, muimba nyimbo za kienyeji za Kimarekani alipandishwa jukwaani kati ya mshairi na mshairi ili watu watoke. Nyimbo tatu, na kama bado kuna mtu amebaki kwenye kiti, wewe kazi huna. Yaani kero ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Na malipo? Kikapu. Kilizungushwa mezani, watu wakatupia chochote, na wengi hawakupata kingine zaidi ya hicho. Bob Dylan alipofika New York Januari 1961, akiwa na miaka 19, alianzia kwenye migahawa ya namna hiyo. Majirani wa ghorofa za juu nao walikuwa na kero yao, na inasimuliwa kwamba ndiyo maana wateja wa Gaslight walialisha vidole badala ya kupiga makofi. Baadaye mambo yakageuka, watu wakawa wanakuja kwa ajili ya waimbaji wenyewe.

Sio kila mwenye mgahawa aliwaza hivyo. Kule Leipzig, Ujerumani, mzee Zimmermann alitaka watu wakae. Kikundi cha muziki alichokianzisha Telemann mwaka 1702, wengi wao wanafunzi wa chuo, kilipiga kwenye mgahawa wake, na kuanzia mwaka 1729 kikaongozwa na Bach. Kiingilio hakuna, Zimmermann anauza kahawa. Miaka michache baadaye Bach akatunga kichekesho cha binti aliyegoma kuacha kahawa, na inaaminika kilipigwa hapo hapo. Biashara hiyo!

Basi nikaanza kujihesabia. Siku ile niliingia saa tatu asubuhi, nikakaa karibu na soketi ya umeme, nikaagiza kahawa moja. Gitaa lilianza saa tisa alasiri.

Jana nikarudi. Alipopumzika nikamfuata, nikamuuliza wanamlipa nini.

"Chakula cha mchana, kaka, na kile pale," akanionyesha glasi kaunta, ndani noti mbili za elfu moja.

Na mbona anaanza saa tisa?

"Meneja ndiye kapanga. Anasema muda huo watu wanakaa sana."

Nikaagiza kahawa ya pili.