Run
Run ni neno la Kiingereza, kitenzi na pia nomino, lenye asili ya Kigermanik. Maana yake ya msingi ni kukimbia kwa miguu, ingawa matumizi yake yamekwenda mbali mno na miguu. Hutumika maji yakitiririka, pua ikitoa kamasi, rangi ya kitambaa ikichuja, uzi wa soksi ya nailoni ukifumuka, injini ikinguruma na duka likiendeshwa. Marekani mtu hugombea urais kwa kitenzi hicho. Waingereza, kwa ubunge, husema anasimama. Katika kriketi, run ni pointi wanayopata wapigaji wawili wakipishana mbio hadi ncha za pili. Kamusi ya Oxford ilikihesabia kitenzi hiki maana 645, kikalipita neno set, lililoongoza katika toleo la 1989.